Karanga ni ya Mdomoni, si ya Ngozini: Maswali ya Wazazi wa Kanda ya Ziwa

Barua nyingi za safari hii zimetoka Mwanza na visiwani, na karibu zote zinagusa jambo moja: mafuta, losheni na sabuni za watoto zilizotengenezwa kwa vitu tunavyokula. Tumechagua chache. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji maelezo.

Shikamooni. Mwanangu ana miezi minne. Tangu azaliwe tunampaka mafuta ya karanga ya kukamua anayotuletea mama mkwe kutoka Shinyanga. Sasa mashavu yana mabaka makavu yanayotoa majimaji, na mikononi ana vipele vidogo vinavyowasha. Hospitali wamesema ni pumu ya ngozi. Je, ni mafuta? Na mimi niache kula karanga maana ananyonya?
*Mama wa mtoto wa kwanza, Igoma*

Marahaba, mama. Huenda mafuta siyo yaliyoanzisha pumu ya ngozi. Ugonjwa huu hutokana zaidi na ngozi yenyewe: watoto wengine huzaliwa na ngozi isiyoshika maji vizuri, yenye nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Hata hivyo mafuta hayo yaacheni leo, maana hatari yake iko mbele ya safari.

Kinga ya mwili ya mtoto mchanga bado inajifunza kipi ni chakula na kipi ni adui. Protini ya karanga ikipitia mdomoni hadi tumboni, kwa kawaida mwili huizoea na kuivumilia. Protini hiyohiyo ikipenya kwenye ngozi iliyochubuka inazikuta chembe za ulinzi zikiwa zimeshachachamaa, nazo zinaihesabu kuwa adui. Miezi inapita, mtoto analamba karanga kwa mara ya kwanza, anavimba midomo. Familia inashangaa kwa kuwa hajawahi kula karanga. Hajawahi kula, kweli, lakini amepakwa kila siku.

Mwaka 2003 Gideon Lack na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za watoto 13,971. Waliokuwa na mzio wa karanga walionekana zaidi miongoni mwa waliowahi kupakwa krimu zenye mafuta ya karanga na waliokuwa na vipele vya kutoa majimaji utotoni. Karanga alizokula mama akiwa mjamzito hazikuonekana kuwa chanzo. Kwa hiyo, mama, endelea kula karanga zako. Usijinyime chakula bila daktari kuthibitisha kwamba ndicho kinachomdhuru mtoto.

Mtauliza kama mafuta yote ya karanga ni sawa. Hapana. Mafuta yanayosafishwa kiwandani huondolewa utomvu na asidi, kisha hupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 200, na protini inayobaki ni kidogo mno. Ya kukamua, yale yenye harufu nzuri ya karanga na machicha chini ya chupa, bado yana protini. Katika jaribio la Uingereza la mwaka 1997, watu 60 wenye mzio wa karanga walipewa mafuta ya aina zote mbili: yaliyosafishwa hayakumdhuru hata mmoja, ya kukamua yaliwadhuru 6. Chupa ya mama mkwe haina kosa jikoni. Mpikieni watu wazima mboga.

Sasa ngozi. Mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, mara moja kwa siku. Sabuni itumike penye uchafu tu: makalio, kwapa, mikunjo ya shingo. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, usimsugue, na ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kwenye lebo yaandikwe Petrolatum peke yake, bila neno Parfum. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kopo, na chota kwa kijiko safi. Mkono uliotoka kumenya karanga ukiingia kwenye kopo, mnampaka mtoto karanga wiki nzima bila kujua. Miezi ya Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, paka mara tatu au nne kwa siku. Kipindi cha joto paka safu nyembamba, la sivyo jasho litaziba na vipele vya joto vitaongezeka. Kopo la gramu 250 likikaa miezi mitatu kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, ujue mnapaka kidogo mno.

Palipo na majimaji na maganda ya manjano pana uambukizo. Rudini hospitali, mafuta peke yake hayatatosha.

Nimenunua losheni ya mtoto iliyoandikwa "ya asili" na "salama kwa ngozi laini". Nyuma kuna maneno nisiyoyaelewa kabisa. Nitajuaje kama ina chakula?
*Baba wa watoto wawili, Nansio, Ukerewe*

Ndugu, maneno ya mbele ya chupa ni ya biashara. "Ya asili" haimaanishi haina mzio, kwani karanga nayo ni ya asili. Ukweli uko nyuma, kwa herufi ndogo, na majina mengi ya mimea huandikwa kwa Kilatini. Piga picha ukurasa huu uwe nao dukani.

Arachis Hypogaea ni karanga. Sesamum Indicum ni ufuta. Prunus Amygdalus Dulcis ni lozi, na ndiyo inayojificha zaidi kwenye mafuta ya kukandia watoto. Anacardium Occidentale ni korosho. Macadamia Ternifolia ni makadamia. Glycine Soja ni soya. Triticum Vulgare ni ngano, na ukiona Hydrolyzed Wheat Protein ni protini ya ngano iliyokatwakatwa. Avena Sativa ni oti. Lac ni maziwa, Caprae Lac ni ya mbuzi, na Casein au Whey ni protini za maziwa. Ovum ni yai.

Yapo majina mengine ya vyakula yasiyotupa hofu kubwa: Cocos Nucifera ni nazi, Elaeis Guineensis ni mawese, Helianthus Annuus ni alizeti, Butyrospermum Parkii ni siagi ya shea. Mzio wa hivi upo lakini ni nadra, na siagi ya shea, ingawa hutoka kwenye kokwa, ina protini kidogo sana.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, ila vile vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Usijifariji kwamba karanga ni ya mwisho kwenye orodha. Umoja wa Ulaya mwaka 2017 uliweka ukomo wa protini ya karanga katika vipodozi: sehemu 0.5 kwa milioni. Kiasi kidogo namna hiyo kikitungiwa sheria, ujue si jambo la kupuuza.

Protini ya ngano nayo ina historia yake. Japani, sabuni ya uso yenye protini ya ngano iliyokatwakatwa iliondolewa sokoni mwaka 2011, baada ya watumiaji kuanza kudhurika kwa kula mkate na tambi. Waliothibitishwa walizidi 2,000, wengi wakiwa watu wazima waliokuwa wakila ngano miaka yote bila shida. Povu la kila siku usoni na machoni liliugeuza mwili dhidi ya chakula walichokizoea. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya hao, na eneo lake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Oti inasifiwa sana kwa kutuliza muwasho, na watoto wengi inawafaa. Lakini kwa mtoto chini ya miaka miwili mwenye pumu ya ngozi tungeikwepa. Nchini Ufaransa, uchunguzi wa watoto 302 wenye pumu ya ngozi uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu mmoja kati ya watano ngozi yake inaitikia oti kwenye kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi kidogo kwa sindano.

Chupa isiyo na orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, iache dukani. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na ukiwa na shaka unaweza kupeleka taarifa kwao. Losheni iliyomiminwa kutoka ndoo kubwa kwenye chupa ya maji usimpake mtoto hata kama muuzaji ni jirani yako. Nyingine zimechanganywa dawa kali za steroidi ndiyo maana zinaponya kwa siku tatu, kisha ngozi inakuwa nyembamba na ugonjwa unarudi kwa nguvu zaidi.

Wajukuu wangu nawapaka samli ya ng'ombe, kama tulivyopakwa sisi. Huyu mdogo wa miezi mitano anababuka. Mama yake anasema niache. Nani yuko sahihi?
*Bibi mlezi, Magu*

Shikamoo bibi. Mama yake yuko sahihi kwa mtoto huyu. Samli iliyochemshwa ikachujwa vizuri hubaki na protini kidogo, lakini ya nyumbani mara nyingi ina masalia ya maziwa chini ya chombo, na hayo ndiyo yanayoleta balaa kwenye ngozi iliyobabuka. Watoto ambao ngozi yao ilikuwa nzima walipakwa na hawakudhurika, nasi hatuwezi kusema umekosea. Huyu ngozi yake ni tofauti. Samli mhifadhie, akifika umri wa kula utamtilia kwenye uji.

Mimi nauza na kukausha dagaa Igombe. Mtoto wangu wa miezi saba nakuwa naye mwaloni, namnyonyesha hapohapo. Akibebwa na mikono yenye dagaa anatoka mabaka mashavuni, kisha yanaisha. Losheni zote nimebadilisha. Kosa liko wapi?
*Mama wa Igombe, Ilemela*

Dada, umeieleza vizuri kuliko wengi: mabaka yanatokea panapoguswa na mikono, na yanaisha. Kabla ya kulaumu losheni tuiangalie mikono. Protini kuu ya mzio katika samaki haiharibiki kwa jua, kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Vumbi la dagaa waliokauka linabeba protini hiyo, linatua kwenye kanga, chini ya kucha na kwenye godoro. Wafanyakazi wa viwanda vya samaki duniani kote wanajulikana kupata mzio na pumu kwa njia hii, nao ni watu wazima.

Fanya hivi. Kabla ya kumshika, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka hadi kwenye viwiko, ukipitisha brashi chini ya kucha. Maji matupu hayatoshi. Kitakasa mikono nacho hakifai: kinaua vijidudu lakini protini inabaki palepale, na hilo limepimwa kwa karanga. Weka kanga mbili, moja ya kazi na moja ya kumbebea, zisikutane hata kwenye beseni la kufulia. Osha titi kwa maji safi kabla ya kunyonyesha. Mlaze upande ambao upepo unatokea, mbali na chanja na mahali pa kupepetea. Na kama kuna mtu alikushauri umpake mafuta ya sangara ili ngozi iwe laini, acha.

Sasa swali ambalo hukuliuliza: ameshakula samaki? Kama alikula sato au dagaa na hakuna kilichotokea, usimkatishe. Mtoto mwenye pumu ya ngozi aliyezoea chakula, akinyimwa kwa miezi, anaweza kukirudia akiwa na mzio ambao hakuwa nao. Kama hajala, usimwanzishie mwenyewe, kwa kuwa mabaka yanayotoka kwa kuguswa ni dalili kwamba mwili unawatambua samaki. Mpeleke kwa daktari wa watoto, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, ukaeleze hivi hivi ulivyotuandikia: muda, mahali, na yalikaa dakika ngapi.

Natengeneza sabuni za vipande za watoto. Natumia mafuta ya karanga, maziwa ya mbuzi na asali. Wateja wanazipenda. Nimesikia kostiki inaua kila kitu, kwa hiyo hakuna mzio. Ni kweli?
*Mjasiriamali, Nyegezi*

Hongera kwa kuuliza. Si kweli. Kostiki, yaani kostiki soda, hugeuza mafuta kuwa sabuni na huvunja protini kwa kiasi, lakini vipande vya protini hubaki, na kisa cha Japani kilihusu protini iliyokwisha kukatwakatwa. Isitoshe, wewe kama watengenezaji wengi bila shaka unaacha asilimia 5 hadi 8 ya mafuta bila kugeuka ili sabuni isikaushe ngozi. Mafuta hayo yaliyobaki ni mafuta ya karanga yako kama yalivyo. Maziwa ya mbuzi nayo, Australia imeripotiwa watu wenye pumu ya ngozi waliopaka bidhaa zake, kisha wakapata shambulio la hatari walipokula jibini la mbuzi.

Habari njema ni kwamba kubadilisha ni rahisi. Kilo 1 ya mafuta ya karanga hutaka takribani gramu 136 za kostiki ili igeuke yote, na alizeti takribani 135, kwa hiyo unabadilisha mafuta bila kuvuruga hesabu. Ukitaka kipande kigumu zaidi, kwa kilo 1 ya mafuta tumia mawese gramu 400, nazi gramu 300 na alizeti gramu 300. Kostiki gramu 144, ambayo tayari imepunguzwa asilimia 5, na maji gramu 300. Pima kwa mizani, si kwa kikombe, na mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki. Acha sabuni ikae wiki 4 hadi 6 kabla ya kuuza.

Alizeti uliza imekamuliwa wapi. Mashine nyingi za mitaani hukamua alizeti asubuhi na karanga au ufuta mchana, na chujio ni lilelile. Nunua yaliyosafishwa. Vyombo vya sabuni visiwe vya jikoni.

Kwenye karatasi ya sabuni andika viambato vyote kwa Kiswahili, hata kile cha kijiko kimoja. Na usiandike kwamba inatibu pumu ya ngozi. Sabuni yoyote ya kostiki ina pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya mtoto iko karibu na 5.5. Sabuni nzuri husafisha, basi. Ndani ya kundi lako la wateja wapo wazazi wenye watoto wa ngozi dhaifu, nao wanastahili kuambiwa hivyo kabla hawajalipa.

Nilimpaka mwanangu wa miezi minane mafuta ya kukandia, ndani ya robo saa akatoka mabaka yaliyovimba mwili mzima. Lebo inasema yana lozi na ufuta. Yalipotea baada ya saa mbili. Je, nimpime nyumbani kwa kupaka kidogo tena? Karanga naweza kumpa? Nifanye nini ikitokea tena?
*Mama, Sengerema*

Usimpake tena, hata tone. Kupima nyumbani kunamfaa mtoto ambaye hajawahi kudhurika: unapaka kiasi cha punje ya mahindi ndani ya mkono, unatazama dakika 30, kisha unarudia palepale mara mbili kwa siku kwa wiki moja, maana muwasho wa manukato huchelewa hadi siku tatu. Mwanao ameshajibu mtihani huo.

Kuhusu karanga, kwa sasa mpe tu ikiwa tayari alikuwa akila bila shida. Kama hajaanza, daktari aamue kwanza, pengine kwa kipimo cha kuchoma ngozi. Lakini usichukue miaka kungoja. Utafiti ulioitwa LEAP, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto 640 walioanza wakiwa na miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga pungufu kwa takribani asilimia 80 walipofika miaka mitano, wakilinganishwa na walionyimwa.

Daktari akikuruhusu, chagua siku mtoto ni mzima, asubuhi, si jioni. Saga karanga safi zilizokaangwa, zisizo na ukungu wala uchungu. Koroga vijiko viwili vya chai vya siagi hiyo na maji ya moto vijiko viwili au vitatu, iwe nyepesi kama uji, na iache ipoe. Mpe ncha ya kijiko. Ngoja dakika 10. Akiwa sawa, malizia polepole, na mtazame saa mbili. Baada ya hapo mara tatu kwa wiki, au kwenye unga wa lishe wenye karanga. Karanga nzima asipewe mtoto yeyote chini ya miaka mitano, zinaziba koo. Kabla ya kula mpake mafuta ya mgando kuzunguka mdomo, ili mate na chakula visichubue ngozi ukadhani ni mzio.

Sasa dharura. Mabaka peke yake, mtoto anacheza: muondolee mafuta kwa sabuni na maji, mvue nguo zilizopakwa, mtazame. Hali ni tofauti ukiona kimoja kati ya hivi: ulimi kuvimba, sauti kukauka ghafla, kukohoa mfululizo au kifua kupiga filimbi, kutapika kwa kurudia muda mfupi baada ya kuguswa au kula, kulegea, kuwa mweupe au wa kijivu kwenye midomo na viganja. Hapo usimpe maziwa, usimpe dawa ya kienyeji, na usingoje dawa ya mabaka ifanye kazi, kwa sababu haifungui koo wala haipandishi presha. Mlaze chali na miguu juu. Kama anahangaika kupumua mwache akae mapajani, lakini usimsimamishe. Nenda zahanati au kituo kilicho karibu zaidi, si hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya maji. Sema neno "adrenalini" mlangoni. Kipimo chake ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, sindano ya pajani upande wa nje: mtoto wa kilo 8 hupata mililita 0.08 ya dawa ya miligramu 1 kwa mililita, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi, na hapo ndipo rufaa ya hospitali kubwa ipangwe.

Chupa ya mafuta nenda nayo. Daktari akiiona lebo, ataanza na ufuta na lozi moja kwa moja.